Gemu nyepesi ya uigaji kwenye simu: anza na kidole, sarafu baadaye

Maswali yanayonifikia ni yale yale. Nianze na injini gani, yaani programu gani ya kutengenezea gemu? Niweke leveli ngapi? Matangazo yakae wapi? Karibu hakuna anayeuliza swali ambalo lingemwokolea miezi: mchezaji atafanya nini kwa kidole chake, na je, kitendo hicho kina utamu kabla hajalipwa hata sarafu moja? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nayaweka yote hapa.

Mwongozo huu ni wa anayeanza, mwenye wazo la gemu ya kuiga kazi fulani: kuosha magari, kupanga ghala, kukarabati saa, kufuma mazulia. Wachezaji unaowalenga si wale wanaokaa na gemu saa nne. Ni mtu aliye kwenye foleni, ana dakika mbili, simu iko mkono mmoja.

Mfano wangu utakuwa mmoja mwanzo hadi mwisho: gemu ya kusafisha vitu vya chuma vilivyoshika kutu. Kufuli, ufunguo, mkasi, taa ya zamani. Mteja analeta, unasugua, kinang'aa, unalipwa. Wazo si jipya, na wala halihitaji kuwa jipya.

Nadharia ninayo aya moja tu. Fundi wa kweli hupoteza muda mwingi kuloweka kufuli, kusubiri, kutafuta skrubu iliyoanguka chini ya meza. Mchezaji wako hayataki hayo. Anataka zile sekunde ishirini ambazo hata fundi mwenyewe huzifurahia, pale kutu inapobanduka na chuma kinachomoza. Zitafute sekunde hizo, zilizobaki zitupe. Ukiiga kila kitu utakuwa umetengeneza kazi, na kazi watu wanazo tayari.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Injini moja ya gemu. Godot ni ya bure, iko chini ya leseni huria ya MIT, na haihitaji kompyuta ya kifahari. Unity nayo inafaa, hasa kama C#, lugha yake ya kuandikia msimbo, unaijua tayari. Kama huna sababu ya kuchagua, chukua Godot na usipoteze wiki kusoma mabishano ya watu.
- Simu halisi, tena dhaifu, pamoja na waya wa kuiunganisha na kompyuta. Simu yako mpya itakudanganya.
- Lahajedwali yoyote (kama Excel), kwa ajili ya hesabu za Hatua ya 6.
- Karatasi na penseli.
- Picha na sauti ambazo leseni yake umeisoma mwenyewe. Mkusanyo wa Kenney, wa picha na sauti za gemu, uko chini ya CC0, leseni isiyo na masharti, unaruhusiwa kuutumia hata kibiashara. CC BY inakutaka umtaje mwenye kazi. Ukiona herufi NC, yaani si kwa biashara, kaa mbali: gemu yenye matangazo ni biashara.
- Watu watano ambao hawaoni haya kukuambia ukweli.

Huhitaji seva, akaunti za wachezaji, nembo, wala jina la kampuni. Kila mmoja wa hawa ni mwizi wa muda anayejifanya msaidizi.

Hatua ya 1: Andika sentensi moja yenye kitenzi cha kidole

"Mchezaji anasugua kutu mpaka chuma king'ae." Basi. Kitenzi kiwe kile ambacho kidole kinaweza kukifanya kweli juu ya kioo: kusugua, kuburuta, kugonga, kushikilia, kuachia, kuzungusha.

Wanaoanza huandika "mchezaji anasimamia karakana". Kusimamia si kitenzi cha kidole. Ukijiuliza kidole kinafanya nini wakati wa kusimamia, jibu mara nyingi ni kwamba kinabofya kitufe kilichoandikwa "Boresha". Hapo umetengeneza lahajedwali iliyopakwa rangi. Zipo gemu za namna hiyo zilizofanikiwa, lakini ni ngumu kuzitengeneza vizuri kuliko zinavyoonekana, na sikushauri uanzie huko.

Kama una vitenzi vitatu, chagua kimoja. Vingine viwili viandike nyuma ya karatasi.

Hatua ya 2: Tengeneza kitendo hicho peke yake, kwa maumbo ya hovyo

Jipe siku mbili. Hakuna menyu, hakuna sarafu, hakuna mteja. Umbo la kijivu likiwa na umbo la kahawia juu yake.

Kiufundi, picha mbili zimelaliana: chini chuma safi, juu kutu. Kidole kinafuta ile ya juu. Ili ujue kiasi gani kimefutwa, usihesabu pikseli zote za picha, maana simu dhaifu itahema. Weka gridi ya visanduku 64 kwa 64, yaani 4,096. Kila kisanduku kina namba: bado au tayari. Brashi inapopita, visanduku vyote vilivyo ndani ya duara lake vinabadilika. Hesabu vile tu vilivyo ndani ya umbo la kitu. Visanduku vya hewani, kwenye pembe ambazo kufuli haifiki, visiingie kwenye asilimia.

Kuna jambo hapa linalowakwamisha karibu wote. Kidole kikienda kasi, simu haisomi kila nafasi kilipopita; inakupa nafasi chache zilizoachana. Ukifuta pale tu zilipo nafasi hizo, mchezaji atapata madoa madoa kama nyayo za kuku badala ya mfuto mmoja. Kwa hiyo kila unapopata nafasi mpya, chora mstari kutoka nafasi iliyotangulia hadi hiyo mpya, na ufute njiani kote.

Sasa mpe mtu simu. Usimweleze kitu. Kama anaendelea kusugua baada ya kumaliza, au anauliza "hakuna kingine?", unayo gemu. Kama anakurudishia simu na kukuambia wazo ni zuri, huna. Rudi kwenye kitenzi.

Onyo: usiipite hatua hii kwa kujiambia kwamba picha nzuri zitaikomboa baadaye. Mimi nilishawahi kuchora meza ya fundi, dirisha lenye mvua na paka wa karakana kwa gemu ambayo kusugua kwake kulikuwa sawa na kufuta kioo cha simu chenye jasho. Paka alipendwa. Gemu haikuchezwa mara ya pili.

Hatua ya 3: Tia utamu

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote, na ndipo ningekuomba nawe ukae.

Anza na kasi ya jibu. Kinachotokea ndani ya milisekunde 100 tangu kuguswa, mtu hukiona kama kimetokea papo hapo. Kikizidi hapo, mkono unaanza kuhisi uzito. Gemu inayokwenda fremu 60 kwa sekunde, yaani inayochora skrini upya mara 60, ina takriban milisekunde 16.7 kwa kila fremu, kwa hiyo unayo nafasi ya kutosha, mradi jibu la kwanza lianze kwenye fremu inayofuata mguso. Usianze kwa kusubiri uhuishaji mzuri wa brashi "kuingia" kwenye skrini. Kutu ibanduke kwanza, mapambo yafuate.

Pili, ukinzani. Kutu ikitoka yote kwa mpito mmoja, raha inakatika. Ikihitaji mipito kumi, inakuwa adhabu. Kwangu mitatu imekuwa ikifanya kazi vizuri: mpito wa kwanza unageuza kahawia nzito kuwa rangi ya machungwa, wa pili unaleta kijivu, wa tatu unaleta mng'ao. Kila kisanduku cha gridi kinabeba namba 3, 2, 1, 0 badala ya ndiyo na hapana. Lakini weka pia kizuizi kidogo cha muda, kisanduku kimoja kisipungue mara mbili ndani ya mpito mmoja, la sivyo namba tatu zitaliwa kwa fremu tatu na hutaona tofauti yoyote.

Tatu, kidole kinaziba. Mchezaji anasugua na hicho anachokisafisha kiko chini ya ncha ya kidole chake, hakioni! Sogeza brashi juu kidogo ya mguso, kiasi kwamba ncha yake inaonekana wakati wote. Jaribu kwa kidole gumba, si cha shahada, maana anayeshika simu kwa mkono mmoja hana kingine.

Nne, vumbi. Vipande vidogo vya kutu viruke kuelekea upande brashi inakokwenda, kisha vianguke. Vichache. Vipande kumi na viwili vyenye uzito vinapendeza kuliko mia vinavyoelea kama moshi.

Tano, sauti. Weka sauti ya kukwaruza inayojirudia, na ukubwa wake ufuate kasi ya kidole: kidole kikisimama, kimya. Badilisha kidogo wembamba wa sauti (pitch) juu na chini, kama asilimia 5, kila inapoanza upya, kwa sababu sikio hukamata marudio haraka na kuanza kuchukia. Kwa matukio yanayofuatana, kama skrubu nne zinazong'aa moja baada ya nyingine, ipandishe kila moja kwa kuzidisha mara 1.06 hivi, hiyo ni nusu-toni moja ya muziki, na mchezaji ataisubiri ya nne bila kujua kwa nini.

Halafu zima sauti kabisa na ujaribu tena. Wengi watacheza kimya. Kama bila sauti gemu imekufa, macho hayajapewa cha kutosha.

Mtetemo uwe mfupi, milisekunde 10 hadi 20, na uje pale kipande kikubwa kinapobanduka. Usitetemeshe mfululizo wakati wa kusugua. Mkono unakufa ganzi na betri inakwisha. Na weka mahali pa kuuzima.

Hatua ya 4: Mwokoe mchezaji na doa la mwisho

Asilimia 99. Kitu kizima kinang'aa, lakini kuna doa la ukubwa wa punje limejificha kwenye ukingo wa tundu la ufunguo. Mchezaji anasugua huku na huku, anasogeza uso karibu na simu, anachukia. Raha uliyoijenga kwa dakika nzima imegeuka kero ya sekunde thelathini, na kero ndiyo atakayoikumbuka.

Tiba yake ni ndogo. Asilimia ya usafi ikifika 95, gemu imalizie yenyewe: mng'ao upite kutoka upande mmoja hadi mwingine na kuondoa vilivyobaki. Mchezaji ataamini amemaliza yeye. Kuanzia asilimia 85, fanya madoa yaliyobaki yametemete kwa upole ili ajue pa kwenda. Usioneshe namba ya asilimia. Ukionesha, atadai mia.

Sherehe ya mwisho isizidi sekunde moja na nusu, na mguso mmoja uikatishe. Mara ya kwanza inapendeza, mara ya arobaini ni kizuizi barabarani.

Hatua ya 5: Funga mzunguko

Sasa lete mteja. Kazi inakuja, unasafisha, unalipwa, unachagua ununue nini, kazi nyingine inakuja. Mzunguko mmoja uchukue kati ya sekunde 30 na dakika mbili. Ukizidi hapo, mtu ataitwa na foleni kabla hajaonja malipo.

Mara ya kwanza gemu inapofunguliwa, usioneshe menyu. Usiombe jina, barua pepe wala umri wa kumfurahisha mtu wa takwimu. Kufuli yenye kutu iwe tayari katikati ya skrini na kivuli cha mkono kinachosogea juu yake. Hakuna maandishi. Menyu ije baada ya kazi ya kwanza.

Hifadhi maendeleo kila kazi inapoisha, na pia kila gemu inapokwenda nyuma ya programu nyingine. Android inaweza kuiua programu iliyo nyuma bila kuiambia neno, kwa hiyo kusubiri mchezaji abofye "Toka" ni kujidanganya.

Hatua ya 6: Fanya hesabu kwenye lahajedwali kabla ya kuiandika kwenye msimbo

Kanuni inayotumika sana ni hii: bei ya ununuzi unaofuata ni bei ya kwanza ikizidishwa na kizidishi kilichopandishwa kwa idadi uliyokwisha nunua. Cookie Clicker, gemu ya mwaka 2013 iliyofundisha wengi hesabu hizi, inapandisha bei ya kila jengo kwa asilimia 15, yaani kizidishi 1.15.

Chukua bei ya kwanza sarafu 10. Kwa 1.15, baada ya kununua mara 10 bei ni kama 40; baada ya 20 ni 164; baada ya 50 ni zaidi ya 10,800. Kwa 1.07, baada ya 50 bado uko kwenye 295. Kwa maneno mengine, 1.15 inaongeza bei mara mbili kila baada ya ununuzi watano hivi, na 1.07 kila baada ya kumi. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi, ila ndiyo inayoamua kama mtu atakwama siku ya kwanza au ya thelathini.

Lakini usitazame sarafu. Tengeneza safu nyingine kwenye lahajedwali: "kazi ngapi mpaka ninunue kinachofuata". Safu hiyo ndiyo gemu yako. Ianze na 1, kisha 2, 2, 3, ipande polepole hadi 8 au 10. Mahali namba inaporuka kutoka 4 hadi 15, mtu ataondoka hapo hapo, na hatakuandikia barua ya kukueleza.

Kila unachouza kisikike kwenye kidole. Brashi pana zaidi, mafuta yanayolainisha kutu kabla ya kusugua, taa inayofichua madoa. "Mapato zaidi kwa asilimia 3" ni ya mhasibu. Ila kuwa mwangalifu na brashi pana: ukiuza nyingi, mwisho mtu anafagia kufuli nzima kwa mpito mmoja na kitenzi chako kimekufa kwa mkono wako mwenyewe. Brashi ikikua, vitu navyo vikue: kutoka ufunguo hadi geti.

Onyo la kiufundi: `int`, aina ya kawaida ya namba kamili ya C#, inaishia 2,147,483,647. Ukiipita, sarafu zinageuka hasi na tajiri wako anakuwa mdaiwa. Tumia `long`, inayobeba namba kubwa zaidi. `int` ya GDScript, lugha ya Godot, ina biti 64 tangu mwanzo, hiyo haitakusumbua.

Hatua ya 7: Ongeza vitu, si kanuni

Vitu kumi na viwili vinatosha kutoa toleo la kwanza. Kila baada ya kazi tatu hivi lete jambo moja geni: umbo lenye matundu, kitu cha duara kinachozunguka, maandishi yaliyochongwa ambayo yanajitokeza kadiri unavyosugua. Hilo la mwisho ni dhahabu. Mtu anasugua tofauti kabisa akijua kuna kitu chini.

Kanuni mpya, kwa mfano "usimguse mteja huyu kabla ya saa kuisha", ziache. Kila kanuni inahitaji maelezo, na maelezo hayasomwi.

Hatua ya 8: Panga skrini

Wima, ili mkono mmoja utoshe. Vitufe vikae theluthi ya chini, lakini si pale kidole kinaposugulia, maana msuguo mmoja wa furaha utanunua kitu ambacho mtu hakukitaka. Mwongozo wa Android unataka eneo la kugusa lisipungue dp 48 (dp ni kipimo cha Android cha ukubwa kwenye skrini), karibu milimita 9. Wa Apple unasema pointi 44. Fuata tu, usibishane nao.

Kingo za skrini ni hatari kuliko unavyodhani. Tangu Android 10, simu nyingi hutumia mtelezo kutoka ukingoni kama amri ya kurudi nyuma. Mchezaji anasugua kwa nguvu, kidole kinafika ukingoni, anakiinua, anaanza tena kusugua kutoka ukingoni kuelekea katikati, gemu inafungwa. Acha nafasi tupu pande zote mbili na kitu kinachosafishwa kikae katikati.

Kutu na chuma visitofautishwe kwa rangi peke yake. Kutu iwe na mikwaruzo na vinundu, chuma kiwe laini chenye mwanga. Wasiotofautisha nyekundu na kijani wapo wengi, na hata wengine wote hucheza kwenye jua kali.

Hatua ya 9: Keti kimya umtazame mtu

Mficha uchi hazai. Onesha gemu ingali mbovu.

Wape wale watano, mmoja mmoja, na ufunge mdomo. Kuwaelekeza ni marufuku, hata wakikosea, hata ukiumia. Andika mambo matatu tu: wapi alisita, wapi alitabasamu au kuinua nyusi, wapi alitazama pembeni. Akimaliza usimuulize kama ameipenda. Atasema ndiyo, ni mtu mwema. Muulize alidhani kitufe fulani kinafanya nini. Muulize kazi gani anaikumbuka.

Wawili wakisita mahali pamoja, patengeneze. Mmoja akitaka wanyama wa kufuga kwenye gemu ya kutu, mshukuru.

Hatua ya 10: Toa

Nitapita haraka, kwa sababu maelezo ya maduka hubadilika na ni lazima usome ya siku hiyo. Akaunti ya Google Play hulipiwa dola 25 mara moja. Ya Apple ni dola 99 kila mwaka. Kwa Google Play, akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 hutakiwa kwanza kufanya jaribio la faragha lenye wajaribu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Wengi huligundua jambo hili siku waliyopanga kuzindua. Anza kutafuta watu hao ukiwa Hatua ya 7.

Ufunguo wa kutia saini programu, yaani faili la siri linalothibitisha kwamba ni yako, uhifadhi sehemu mbili tofauti, pamoja na nywila yake.

Matangazo: yaliyo ya hiari, mtu anatazama ili alipwe mara mbili, baada ya kazi kuisha. Usimkatize katikati ya kusugua kwa tangazo lolote, hata kama hesabu inakushawishi. Na kama gemu inalenga watoto, kanuni za matangazo na data ni nyingine kabisa. Zisome kabla ya kuchagua mfumo wa matangazo.

Mambo yakienda kombo

*Kwenye kompyuta inasugua, kwenye simu haisugui.* Mara nyingi umesikiliza kipanya badala ya mguso, au unasoma nafasi ya skrini bila kuibadilisha kuwa nafasi ndani ya picha. Chora nukta nyekundu pale gemu inapodhani kidole kipo. Utaona tatizo kwa sekunde moja.

*Simu inapata moto.* Unatuma picha kubwa ya kutu kwenye kichakata picha (GPU) kila fremu. Ipunguze iwe pikseli 256 kwa 256, iletee ukungu kidogo kwenye kingo, hakuna atakayejua. Itume pale tu kidole kinaposogea. Kwenye menyu shusha hadi fremu 30.

*Wanaacha kazi ya nne au ya tano.* Tazama ile safu ya lahajedwali kwanza. Kama namba ziko sawa, kuna uwezekano kazi ya tano inafanana na ya kwanza. Ilete ile yenye maandishi yaliyofichika mapema.

*Wanamaliza kila kitu siku moja.* Usipandishe bei kwa hasira. Ongeza vitu sita, au waache wamalize. Gemu fupi iliyomalizwa kwa furaha huletea wachezaji wengine.

*Mchezaji anasogeza saa ya simu mbele ili apate mapato ya "ulipokuwa mbali", yale yanayoongezeka gemu ikiwa imefungwa.* Weka kikomo, kwa mfano mapato ya saa 8 tu hata akikaa wiki, na muda ukitoka hasi mpe sifuri. Zaidi ya hapo mwache. Hashindani na mtu, anajiibia mwenyewe.

*Kusugua kunachosha mkono.* Kipenyo cha brashi ni kidogo mno. Jaribu moja ya sita ya upana wa kitu, kisha ongeza au punguza kutoka hapo. Kama bado, punguza mipito kutoka mitatu hadi miwili kwenye vitu vikubwa.

*Maendeleo yamepotea.* Huenda simu ilizimika gemu ikiwa katikati ya kuandika faili, faili likabaki nusu. Andika kwenye faili la muda, hakikisha limeandikwa lote, kisha ndipo ulibadilishe jina lichukue nafasi ya la zamani, na la zamani libaki kama nakala. Gemu inapofunguka na kukuta faili kuu halisomeki, isome nakala. Mchezaji atapoteza kazi moja badala ya wiki tatu, na huenda asigundue kabisa.

*Kila kitu kinafanya kazi na bado inachosha.* Tengeneza toleo lisilo na sarafu, wateja wala duka, umpe mtu ambaye hajaiona. Kama naye ataiweka simu chini baada ya nusu dakika, tatizo liko Hatua ya 3, na hakuna namba ya lahajedwali itakayolifikia.